Kikohozi cha Baba Mkwe

Maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi, yakinuka mayai viza. Emily alikuwa amefungua mfereji wa maji moto amwogeshe mtoto wake, Gesare.

"Baba Gesare, hebu kuja uone."

"Ni udongo tu wa kisima," akajibu mumewe, Ochoki, bila kuinuka kitini. Kwa Ochoki, kila ugonjwa wa nyumba dawa yake ni kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huyu hata huo ukuta angeuegemea kwanza.

Baadaye tangi la kupasha maji, lililofungwa juu ukutani bafuni, likaanza kunguruma na kugonga. Sakafu chini yake haikukauka tena. Alasiri moja, Emily akiwa amevua nguo, likakohoa.

Alikijua kikohozi kile. Masese, baba mkwe wake, waliyemzika mwaka jana pale pale kijijini Itumbe kando ya migomba, alikohoa hivyo kila alipokaribia boma lao, ili mke wa mwanawe asikie na kumpisha. Ndivyo Wakisii wanavyostahiana. Katika uhai wake mzee hakuwahi kuingia nyumba ile, sembuse bafu.

Fundi Odoyo alipokuja, alifungua kifuniko akatikisa kichwa. "Madam, hii haitengenezeki. Imeoza ndani, na valvu ya kutoa presha imeziba. Msiwashe kabisa mpaka Jumapili nilete mpya."

"Na kukohoa?" Emily akanong'ona.

"Kugonga ni uchafu umeganda chini. Kukohoa sijawahi sikia."

Ijumaa, jua likishuka, mama mkwe Nyakerario alitaka wote waoge kabla Sabato haijaingia.

"Mtoto na mafua yake aoge maji baridi?" akamuuliza mwanawe.

Ochoki hakutaka kubishana na mamake. Akabonyeza swichi ya tangi, wala hakumwambia mkewe.

Emily alimweka Gesare kwenye beseni chini ya tangi, na ndipo mngurumo ukaanza, mzito kuliko siku zote, na ile harufu ikamkaba koo, na ukuta ukatetemeka chini ya kiganja chake, na nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, mzee akakohoa. Miguu ilitii kabla ya akili. Alimfunga mtoto ndani ya leso, akainamisha kichwa, akatoka na kumpisha.

Hajafika sebuleni, tangi likapasuka. Maji yanayochemka yakamwagikia lile beseni.

Ochoki alilia waziwazi. "Baba ametuokoa!" Emily naye alimkumbatia mtoto wake, akamshukuru Mungu na mzee pamoja.

Nyakerario peke yake hakushukuru. "Masese hakuwa akikohoa kuonya mtu," akamwambia Emily taratibu. "Alikuwa akiomba njia. Na wewe umempa."

Jumapili Odoyo alileta tangi jipya. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na wote walikuwa nje pamoja naye. Maji yalikuwa yamekatwa tangu Ijumaa, lakini mle ndani yalisikika yakimwagika, na mvuke ukipenya chini ya mlango.

"Nani ako ndani?" akauliza Odoyo.

Nyakerario akamvuta mkono. "Ngoja, mwanangu. Mzee hajamaliza kuoga."

Ochoki alimgeukia mkewe. Emily alikuwa tayari amembeba Gesare mgongoni na anakusanya nguo zake. Mke hakai nyumba moja na baba mkwe wake.