Kipande cha Nagisa

Kila asubuhi Chizuru alivua viatu mlangoni, akavaa vingine vya kuvalia ndani ya shule, akaenda moja kwa moja chumba cha kompyuta kukagua programu ya chakula cha shule aliyoitengeneza katika klabu ya kompyuta. Mzazi akiandika kwamba mtoto wake hali kitu fulani, ombi lilikwenda upya kila siku kwa muuguzi wa shule. Akikubali, jiko lilijulishwa. Mmoja wa watoto hao alikuwa mdogo wake, Takuma wa darasa la kwanza. Yai lilimvimbisha koo.

Aprili akaja Nagisa kutoka Osaka, akajiunga na klabu. Akaunda kipande kimoja cha programu, “Peleka, Subiri Jibu”, kilichofaa kila kazi: maktaba, vitu vilivyopotea, hata chakula. Mwalimu Kuwabara, mlezi wa klabu, akataka wanachama wote wakitumie hicho hicho katika programu zao. Chizuru akakitumia huku wivu umemkaba.

“Mbona umenuna?” Nagisa akamtania. “Si kimekupunguzia kazi?”

“Nani kanuna? Hebu niache!”

Jumatano, alipobaki peke yake, Chizuru alifungua programu ya maktaba, akaingia ndani ya kile kipande na kufuta hatua ya kupeleka. Maktaba ikwame, Nagisa aumbuke! Moyo wake ukaburudika.

Kesho yake chakula kilikuwa wali uliofunikwa kwa yai. Chizuru, aliyekuwa na zamu ya kuwapakulia wadogo, aliitafuta sahani isiyo na yai yenye jina la Takuma asiione.

“Dada, leo na mimi nimepewa yai!” Takuma alisema, kijiko mkononi.

Chizuru alimpokonya. “Umekula?”

“Bado.”

Akaiondoa ile sahani mbele yake. Mwalimu Kuwabara alipowakusanya wanachama na kusema kwamba maombi ya siku hiyo hayakufika jikoni, mtu akapayuka, “Kipande cha Nagisa kibovu!” Nagisa akainama, machozi yanamlenga. Chizuru angeweza kunyamaza.

“Ni mimi, Mwalimu,” alisema. “Nilikifutia hatua kule maktaba. Nilidhani itaharibika maktaba tu. Nagisa, nisamehe.”

Nagisa alimtazama kwa hasira. Kisha akavuta kiti. “Kaa hapa. Nionyeshe ulichofuta.”

Walikirekebisha pamoja, wakakijaribu katika kila programu. Ombi la Takuma likafika jikoni.

“Kipande ni kimoja, Chizuru,” Mwalimu Kuwabara alisema. “Kikiwa kizima kinatufaa sote, kikiharibika kinatuumiza sote. Umefanya vema kusema kweli. Ila wivu ulikuonyesha Nagisa tu, hata mdogo wako hukumwona. Siku nyingine ukitaka kumshinda mwenzako, tengeneza kilicho bora kuliko chake.”