Nilizipigilia Misumari Sarafu za Baba

Wasomaji wenzangu, mambo haya yalinianzia mwaka wa 2019, nikiwa na miaka sabini kamili. Mimi ni mzee wa Kianjai. Shule niliishia darasa la pili. Nilibeba magunia sokoni kwa mgongo huu huu mpaka nikanunua mashine yangu ya kusaga posho, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nayasema mapema ili mjue siandiki nihurumiwe. Huruma yenu pelekeni kwingine!

Mwaka huo baba yetu alifariki, mzee sana. Tulibaki watoto wawili tu: mimi, na dada yangu mdogo Kathure, mwalimu mstaafu aliyeolewa Runyenjes. Niseme ukweli... Kathure sikumpenda. Magunia niliyobeba ndiyo yaliyomlipia karo. Halafu msomi wangu huyo akija nyumbani ananisahihisha Kiswahili mbele ya wateja! Ningempenda kwa lipi?

Baada ya mazishi, wazee wa ukoo walinikabidhi mkebe wa biskuti uliojaa sarafu za zamani. Baba alifagia duka la Mhindi mjini Meru miaka mingi, na sarafu yoyote ngeni iliyopita pale aliiomba akaiweka. Mlikuwa na rupia, heleri za Wajerumani, shilingi kubwa za simba zenye kichwa cha mfalme... na chini kabisa, kamba ya mkonge iliyotungwa sarafu tano za senti kumi, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu.

Nilizipeleka kwa bwana mmoja wa mjini anayenunua vitu vya kale. Alikoroga mkebe kwa kidole kama mtu anayetafuta mawe kwenye maharagwe. Akaniambia, "Mzee, hivi zilivyo ni takataka. Chagua kitu kimoja. Ama wafalme, ama nchi moja, ama fedha tupu. Ukishachagua, nitakuja kuona."

Mimi sikuhitaji kufikiri mara mbili. Simba! Ni kubwa, ni nzito, na zina mfalme. Zingine nilizifunga kwenye kitambaa nikazisukuma chini ya kitanda. Kamba ya mkonge niliiacha mezani tu, kama uchafu. Nikampigia Kathure simu, si kumuuliza, la, ni kumringia kwamba lazima mtu achague, nami nimechagua simba.

Siku ya pili huyo hapo kwangu, ametoka Runyenjes na mkoba wake na miwani yake. Nilikuwa naezeka banda la kuku na wafanyakazi wangu, nyundo mkononi. Hakuketi. Aliichukua ile kamba akasema, "Mtoto wa mama, kama ni lazima kuchagua, chagua hizi tano. Zingine ni chuma tu."

Nilicheka mpaka wafanyakazi wakacheka. "Hizo? Si hizo tulikuwa tunawekea misumari ya mabati ili yasivuje? Mwalimu mzima hujui?"

Ndipo aliponieleza. Kila mama alipojifungua, baba alimwomba yule Mhindi senti ya mwaka ule ule, akaitunga. Watoto watano, sarafu tano. Watatu walikufa wachanga, hawakubatizwa, hawana hata kaburi linalojulikana. Mama alimwambia Kathure hayo akiwa mgonjwa, maana ni Kathure aliyemuuguza. Akasema kama mimi sizitaki, nimpe yeye. Kamba tu. Mkebe wote ningebaki nao.

Ningepungukiwa na nini? Niambieni! Hakuna... Lakini shingo yangu ngumu, wasomaji wangu! Nilimjibu kwamba yeye alipewa shule na mimi nimepewa mkebe, na hadithi za walimu azipeleke darasani.

"Basi usiniamini mimi," akasema. "Miaka imeandikwa. Soma tu namba."

Soma! Mbele ya watu ninaowalipa mshahara, ananiambia mimi nisome!

Nilichukua panga nikaikata ile kamba. Nikapanda kwenye kreti, nikapigilia sarafu zote tano juu ya bati la kuku, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zangu zote. Nikamgeukia. "Haya mwalimu, sasa zimesomeka?"

Wafanyakazi hawakucheka tena. Kathure alishika mkoba wake. "Umewapigilia misumari ndugu zako," akasema, "na wewe mwenyewe umo." Akaondoka. Sikumsindikiza hata hadi kwenye lango.

Wiki hiyo nilikaa na simba zangu. Nilizisugua kwa jivu na gunzi mpaka zikang'aa kama sufuria mpya. Mnunuzi alipofika aliokota moja, akaokota ya pili, akaniuliza nani alizisugua. Nilimjibu kwa kujidai kwamba ni mimi. "Mzee, umeziua," akasema. "Sarafu ya kale haisuguliwi. Hazina kazi tena."

Nilimtukana. Yeye kwa upole akauliza kama nina zingine. Kwa kejeli nikamwonyesha banda la kuku.

Alipanda na kioo chake cha kukuzia, akaanza kusoma kwa sauti. 1945... 1949... Huo ndio mwaka ulio kwenye kitambulisho changu! 1951... 1952... Ya mwisho ilikuwa 1956, mwaka wa Kathure.

Mnunuzi alikuwa bado anaongea, mimi simsikii. Nilimwona mama amekaa nje ya jikoni, nguo yake imelowa maziwa kifuani, na hana mtoto wa kunyonyesha... Maisha yangu yote nilidhani ile ni ndoto.

Nilizing'oa kwa mikono yangu. Kesho yake nikaenda Runyenjes. Kathure alikuwa barazani anamenya maharagwe. Alizifuta moja moja kwa upindo wa leso, akasoma kila mwaka, kisha akaingia ndani akatoka na uzi. Akatunga nne. Moja akaisukuma mezani hadi mbele yangu.

"Hii ni yako," akasema. "Wewe ulisema lazima mtu achague. Mimi nimechagua hawa."

Hakunipa chai. Hakunipa hata maji! Akaendelea kumenya maharagwe yake mpaka nikainuka mwenyewe. Tangu siku hiyo nikimpigia simu hashiki. Simlaumu, ingawa nilijaribu sana kumlaumu.

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi wanaume mliojijenga wenyewe kama mimi, mkiachiwa vitu vya wazazi msikimbilie vinavyong'aa. Muulizeni yule mnayemchukia zaidi nyumbani, maana huenda ndiye aliyekaa kitandani kwa mama akasikiliza. Na akiwaambia msome, someni! Aibu ya kusoma polepole ni ya dakika tano. Yangu nitazikwa nayo.

Leo nina mashine mbili za posho, ekari tatu, ng'ombe wawili wa maziwa, banda la kuku linalovuja mahali patano, shilingi ishirini na mbili za simba zisizotakiwa na mtu, na senti kumi moja iliyopinda.