Viganja vya Nyumba ya Mzee Bushiri

Haya yalimkuta Jaha, jirani wa ukoo wetu pale Dodoma, enzi za Mwingereza. Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote: upepo wa kiangazi ukirusha vumbi jekundu, kuku wakichakura uani, na Jaha akimsuka mwanawe Hana, mtoto wa miaka minne asiyejua kutulia.

Nyumba yao ilikuwa pembezoni mwa mji. Mzee Bushiri, baba wa mumewe, mtu wa misafara, aliijenga kabla reli haijafika: kuta nene na paa bapa la tembe kama wajengavyo Wagogo, na mbele baraza ya watu wa pwani. Nyumba chotara, watani walisema. Lakini ndiyo kwao, na sasa serikali ilikuwa ikibomoa nyumba za zamani. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alitaka kubakiza moja tu iwe kumbukumbu, na alasiri hiyo angekuja kuitazama hii.

Chumba cha ndani kilikuwa na ukuta usiopakwa kitu. Kila aliyezaliwa au kuolewa humo alibandika kiganja kwenye udongo mbichi, alama ikakauka. Akifa, siku ya maziko, alama yake hufunikwa isionekane tena. "Ili nyumba ijue kaondoka," Bi Kudra, mama mkwe, alimweleza Jaha alipoletwa bibi arusi. Walio hai walibaki wanne: Bi Kudra, mwanawe Shaibu, Jaha, na Hana, ambaye kiganja chake kilikuwa chini kabisa, kidogo kama andazi.

Jaha alikwenda kisimani. Aliporudi, harufu ya chokaa ilimpokea mlangoni. Shaibu mumewe alikuwa chumba cha ndani, brashi mkononi, meno yote nje. Ukuta ulikuwa mweupe pee.

"Mzungu anapenda usafi," alisema. "Aone matope, atubomolee?"

Bi Kudra alikuwa sakafuni, kajiziba mdomo kwa kanga.

"Shaibu," alinong'ona. "Umetuzika."

"Na wewe mama! Chokaa tu hiyo."

Jaha alitoka kuvuta pumzi. Tereza, jirani yao, alikuwa akipita na mzigo wa kuni.

"Za mchana, Tereza?"

Tereza hakuitika. Aliegemea nguzo ya baraza, akaita, "Hodi! Jaha! Wenyewe mpo?"

Jaha alikuwa mbele yake. Angeweza kumgusa. Akamgusa. Tereza akajikuna bega, akaenda zake.

Ndipo alipoelewa maneno ya Bi Kudra. Alimwita Shaibu, wakabishana, na kabla hawajamaliza Bwana Shauri akafika na mkalimani wake, Athuman, aliyecheza bao na Shaibu kila Ijumaa. Shaibu akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni sana!"

Wakampita.

"Nyumba nzuri," Bwana Shauri alisema. "Watu wapi?"

"Sijui, Bwana. Naona wamehama."

Shaibu alipiga kelele sikioni mwa rafiki yake. Alimshika kanzu. Athuman aliikung'uta, kama mtu aliyeguswa na nzi.

Hana alikuwa amekumbatia mguu wa mama yake. Alikuwa akilia. Mdomo wazi, machozi tele, na sauti hakuna.

Jaha alikimbia ndani. Hakutafuta kiganja chake. Alipiga magoti, akakwangua pale chini. Ukucha ukavunjika. Akakwangua. Wa pili. Chokaa ikachanganyika na damu. Akakwangua. Kidole kidogo kikatokea. Kisha vyote.

Kilio cha Hana kikajaa nyumba.

Wanaume walikuja mbio. Athuman akamnyanyua mtoto. "Mama yako yuko wapi?"

"Yule pale."

Athuman alitazama. Aliona ukuta.

Jaha aliinua mkono atafute kiganja chake. Kucha zilikuwa zimekwisha, na chokaa ilikuwa imekauka.

Nyumba ilipona. Iliandikwa kumbukumbu, ikafungwa kwa kufuli. Tereza alimlea Hana.

Kila mwaka serikali hupaka chokaa upya, na kila mara kunapokucha ukuta wote ni mweupe isipokuwa pale chini, kiganja kimoja kidogo, pembeni mikwaruzo. Hana alipokuwa mwari aliomba ufunguo, akakwangua ukuta mzima kutafuta vile vitatu. Alikuta udongo mtupu.

Sasa ni mama wa watu. Siku ya kupaka hali, halali, mpaka fundi aje kumwambia pamekwanguliwa. Mwaka huu fundi alichelewa. Alipofika hakukaa.

"Pamekwanguliwa, mama," alisema. "Lakini nusu tu. Vidole viwili bado vimefunikwa."

Akafungua mkono. Alikuwa ameokota ukucha wa mwanamke, na damu yake ilikuwa bado mbichi.