Shimo la Kimo Changu

Jioni ile nilibakiwa na bolti nne tu. Bolti nne za kuibana gia kwenye injini, kisha nioge, niwahi magharibi msikitini. Kazi ya robo saa. Nasema haya mapema ili mjue sikwenda kutafuta balaa. Nilikuwa nakaza bolti.

Mwaka ulikuwa 1947. Mimi na Abdulgani tulikuwa tumenunua mnadani injini ya lori la jeshi, tuitie katika motokaa yetu kuukuu. Gereji hatukuwa nayo. Tulikuwa na gofu lililopakana na nyumba yangu, Mji wa Kale wa Mombasa: kuta nne ndefu, bila paa, na mlango mpana upande wa Ndia Kuu. Injini tuliifungua yote, tukaiosha kwa mafuta ya taa, tukatia pistoni mpya, tukaipachika garini. Mke wangu Khursheed alipiga kelele wiki nzima kwa sababu vali nilizipanga juu ya meza yake ya chakula. Abdulgani alikuwa mfupi, mcheshi, haachi kupiga mluzi. Sikuzaliwa na ndugu wa kiume, na sikumhitaji, kwa kuwa yeye nilikuwa naye tangu utotoni.

Ili nifanye kazi chini ya gari nilitaka shimo. Nikamwita Tsuma, hamali wa soko la Marikiti, akaniuliza urefu. Nikajilaza chini palepale, nikamwambia anipime mimi kwa kamba, maana mtu wa kuingia humo ni mimi. Akasita sana. Alinipima huku akitazama kando.

Alichimba hadi kina cha kiuno, akagonga mwamba, akaacha. Siku ya pili akarudi na kipande cha mgomba begani.

"Bwana Haroon, shimo la kimo cha mtu halilali tupu. Kwetu tukichimba kaburi kisha mgonjwa akapona, twazika mgomba. Uzike huu, ulale humo usiku mmoja, kisha fanya kazi yako."

"Hili ni shimo la gari, Tsuma."

"Lakini hukulipimia gari."

Nikamcheka. Mimi nilikuwa fundi katika karakana ya jeshi vita vizima, mtu wa chuma na vipimo, nitaambiwa nini na mchukuzi wa vikapu! Mgomba nikamtupia mbuzi wa jirani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mjuaji.

Basi jioni ile Khursheed alikuwa kwa mamake. Abdulgani alikwenda kwa Wekesa, rafiki yetu wa reli, kuazima jeki kubwa, kwani magurudumu ya mbele tulikuwa tumeyatoa na gari lilikaa juu ya mawe tu. Aliniambia nimngoje. Sikumngoja. Nikaingia shimoni, nikalala chali juu ya gunia.

Bolti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu...

Nikasikia mchanga ukimwagika.

Mawe yakatitia. Gari likashuka kwa mkupuo mmoja, likakaa juu ya mdomo wa shimo, na tumbo la injini likaja kifuani pangu. Halikuniponda. Lilinisukuma tu, polepole, mpaka nikageuka, shavu likagusa udongo.

Ubavu wa kulia.

Uso kibla, kama alazwavyo maiti.

Nilipiga kelele, kuta za gofu zikanirudishia. Mkono mmoja ulibanwa chini yangu, wa pili uliishia kwenye chuma. Mwanga ulibaki ukanda mwembamba ubavuni mwa gari, nao ulikuwa ukififia. Oili ikanidondokea sikioni. Tone... tone... Magharibi ikaadhiniwa, ikaisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kisha harufu ya oili ikaondoka. Ikaja ya kafuri, kama ya maiti aliyeoshwa.

"Hodi, wenyewe."

Sauti ya mzee, ya upole, ya mtu aliyekuja kumtazama jirani. Makubadhi yakaburuza mchangani, yakasimama usawa wa kichwa changu.

"Karibu!" nikalia. "Nisaidie! Niko huku chini!"

"Najua uliko," akanong'ona.

Katika ule ukanda wa mwanga nikaona kamba ikishuka. Ilikuwa ile ya Tsuma, fundo lake nililijua. Ikaanzia utosini, ikanyooshwa taratibu hadi nyayoni.

"Kimo ni sawa," akasema. "Jina ndilo sina. U nani wewe, na mamako ni nani?"

Hata mtoto mdogo wa Mombasa anajua kwamba jina la mama humpi usiyemjua. Ndilo la kumrogea mtu. Ndilo analoitiwa maiti akisomewa talkini, akishafukiwa.

Mchanga ukaanza kuingia. Shingoni. Mdomoni. Gari likashuka tena, upana wa kidole.

"N'ambia jina, nende zangu."

"Mimi sijafa," nikasema.

"Hilo si shauri langu. Shimo li wazi."

Upana wa kidole tena. Mbavu zikalia. Pumzi ikatoka, haikurudi. Nilitaka kuishi. Sina neno jingine la kujitetea.

"Abdulgani," nikasema. "Mwana wa Parvin."

Kamba ikavutwa juu. Makubadhi yakaenda zake.

Muda si muda nikasikia mluzi. Abdulgani na Wekesa waliinua gari kwa jeki wakanitoa. Abdulgani alinipangusa mchanga machoni kwa shati lake mwenyewe, akinitukana huku analia.

"Nalikwambia ningoje, kichwa maji wewe! Nalikwambia!" Kisha alipotulia akauliza, "Na yule mzee ni mgeni wako? Nimepishana naye mlangoni, anuka kafuri tupu. Kaniamkia, 'Abdulgani, mwana wa Parvin.' Haroon, tangu mama afe nami mdogo, hapana mtu aliyeniita hivyo. Wallahi nimefurahi."

"Mimi sikuona mzee yeyote," akasema Wekesa.

Nami nikasema simjui. Ningeweza kuwaambia yote pale pale. Sikuwaambia.

Alfajiri nikaenda Marikiti, nikarudi na mgomba mzima, nikauzika na kulifukia shimo kwa mikono yangu. Mwenye kunicheka na anicheke.

Siku ya tatu tukaiwasha injini. Abdulgani alizungusha hendeli mara moja tu, ikashika, ikanguruma vizuri kuliko tulivyotarajia. Akacheka. Akaegemea boneti, akateleza chini taratibu, akakaa mchangani. Hakuinuka. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hendeli ya injini kubwa imeangusha wengi. Huenda. Nimejitahidi miaka yote kumwamini daktari yule.

Makaburini, kaburi lilimzidi kwa shubiri nzima. Imamu akawakemea wachimbaji. Wakajitetea kwamba kipimo waliletewa na mzee mmoja wa upande wetu, na kamba yake.

Tukamfukia. Msomaji wa talkini akachuchumaa upande wa kichwa, akauliza mama wa marehemu aliitwa nani. Watu wote wakanitazama mimi. Ni mimi tu niliyekuwa najua. Jina lile nilikwisha kulitoa mara moja. Nikatikisa kichwa.

"Haidhuru," akasema yule sheikh kwa upole. "Asiyejulikana mamake twamwita mwana wa Hawa. Sote ni wana wa Hawa. Jina hilo lamtosha yeyote."

Akaanza kusoma. Sikuweza kuwatazama watu, kwa sababu hilo nalo nilikuwa nalijua. Nani aliyewahi kuzika asilijue? Ningemwambia yule mzee mwana wa Hawa, angeondoka na jina la watu wote, asiwe na wa kumchukua. Lakini kule chini sikulikumbuka. La rafiki yangu ndilo lililonijia, na lilikuja upesi.