Limekula?

Jua lilikuwa linazama Obedi alipompakia mkewe Dorcas kwenye mchomoko wake, gari dogo la abiria linalowapa ugali, safari ya hospitali ya Kabanga. Uchungu ulikuwa umeanza. Mama mkwe, Bi Esteria, aliketi nyuma akimshika binti yake mkono. Obedi akawa anatania, maana ndivyo alivyozoea kuuficha woga.

"Mtoto akitokea humu ndani, nauli yake nusu."

"Endesha, wewe mwanamume!"

Wakapanda kilima. Gari likakohoa. Likakohoa tena. Kimya.

Mafuta yameisha.

Simu haikuwa na mtandao, barabara tupu. Dorcas aliuma kanga, akaguna...

Ndipo ikaja harufu. Majani mabichi, na ng'ombe aliyelowa mvua.

Mzee mmoja alikuwa amesimama mbele ya boneti, miguu peku, kichwani mzigo wa majani unaochuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Limekula?" akanong'ona.

Madereva ndivyo wanavyosema: gari linakula mafuta, linakula tairi, linakula hadi ada ya shule. Obedi akacheka kwa nguvu.

"Halijala, babu! Na hili likianza, halijui kushiba."

"Nililishe?"

"Lilishe, babu yangu, na maji ulinyweshe!"

Bi Esteria akashtuka. "Mkwe wangu... usimruhusu."

Mzee alikwisha kuinama.

Krrp... krrp... krrp...

Kitu kinatafuna.

Gari likawaka lenyewe.

Walifika Kabanga mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Dorcas akajifungua salama, mtoto wa kike. Kesho yake Obedi alifungua boneti. Kati ya nyaya alikuta majani yaliyotafunwa, yana mate, bado ya moto.

"Bibi yangu alinisimulia," Bi Esteria alisema, sauti chini. "Motokaa ya kwanza ilipofika Kasulu, watu walidhani ni mnyama. Wakamweka mtu wa kuikatia majani. Wenye gari wakacheka sana. Asubuhi majani hayapo."

"Na huyo mtu?"

"Siku moja aliugua, hakukata."

"Ikawaje?"

Bi Esteria akajifunga kanga upya.

Tangu hapo, kila jioni, Obedi anakata majani. Kijiweni wanamzomea: "Obedi, ng'ombe wako anatoa lita ngapi?" Naye anacheka kuwashinda wote. Kuliuza gari? Amuuzie nani, balaa limwangukie mtoto wa nani?

Wiki iliyopita malaria ikamwangusha. Alilala tangu mchana, majani hajakata, jasho jekejeke, mtoto kando yake karibu na dirisha. Dorcas alikuwa uani anapika. Nje ya dirisha, gari. Jua likashuka.

Krrp...

Obedi akafumbua macho.

Krrp... krrp...

Shali ya mtoto ilikuwa inavutwa. Polepole. Ncha yake imepita katikati ya nondo za dirisha, inaingia kwenye boneti iliyo wazi. Akamnyakua mtoto, akaivuta shali kwa nguvu zote alizobakiza. Ikakatika. Kipande kilichobaki mkononi kilikuwa kimelowa, na cha moto.

Mtoto hakulia. Alikuwa anatazama dirishani.

Harufu ya majani mabichi ikajaa chumbani.

"Limekula?" sauti ikanong'ona kutoka nje.

Obedi akafungua mdomo. Akisema limekula, ni uongo... Akisema halijala, mzee atalilisha nini?

Nje, mtu anasubiri jibu.