Kilo za Zamani

Watu walimwita Tembo. Alikuwa mpakiaji kwenye ghala la saruji. Alibeba mfuko begani huku akipiga soga, kana kwamba amebeba mto. Kisha kikohozi kikamshika. Shati likampwaya. Suruali akaifunga kwa kamba.

Kliniki wakamkuta na kifua kikuu. Siku hiyo mizani ilikuwa mbovu.

"Una kilo ngapi, baba?" daktari akauliza.

Mlango ulikuwa wazi. Wapakiaji wenzake waliomsindikiza walikuwa kwenye benchi, wanasikia.

"Themanini," akajibu.

Akapewa vidonge vya mtu wa kilo themanini. Haikupita wiki, akawa anatapika kila akivimeza.

"Mke wangu, dawa hii itanimaliza. Naiacha."

"Ukiiacha, ugonjwa ndio utakaokumaliza," mkewe akasema. Akatoka mbio kumwita jirani yao, muuguzi.

Muuguzi akatazama pakiti, akamtazama mgonjwa. "Shemeji, dozi hii ni ya mtu mwenye mwili. Walikupima?"

Tembo akainama. "Nilisema mwenyewe. Zilikuwa kilo zangu, zamani."

"Makubwa haya!" mkewe akasema. "Kwa nini, mume wangu?"

"Wenzangu walikuwa wanasikia. Ningesema hamsini, nani angeniita Tembo tena?"

Muuguzi hakumcheka. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Hauko peke yako, shemeji. Wembamba hujiongeza, wanene hujipunguza, wafupi hujirefusha. Wengine hata hawadanganyi, wanakumbuka tu kipimo cha miaka ile. Macho ya watu yanauma. Lakini dawa haijui aibu. Hii hupimwa kwa uzito wako wa leo. Ikizidi, inakudhuru. Ikipungua, haikuponyi. Usiiache kwa uamuzi wako. Twende kwa daktari sasa hivi."

Mkewe akafunika uso kwa kanga. "Basi na mimi niseme. Nikiulizwa, hutaja kilo za siku ya harusi."

Tembo akacheka mpaka akakohoa.

Kliniki, muuguzi akaomba chumba cha faragha na mizani nzima. Kilo hamsini na moja. Daktari akampima damu, akampangia dozi mpya. Kutapika kukakoma. Tembo akameza dawa zake mpaka mwisho, na nguvu zikarudi kidogo kidogo.

Siku ya kuruhusiwa kurudi kazini, benchi lilikuwa limejaa watu.

"Sasa una kilo ngapi, baba?" daktari akauliza.

Tembo akavua viatu mbele ya wote.

"Usiniulize, daktari. Nipime."