Mafundo ya Shali ya Babu Saa

Katika duka la dobi la Shangazi, wiki haikuisha siku moja kama kwa watu wengine. Iliisha siku tatu. Kanzu zilitakiwa kuwa zimenyooshwa kabla ya sala ya Ijumaa. Majoho ya kwaya yalichukuliwa Jumamosi jioni, tayari kwa ibada ya Jumapili. Katikati, mara mojamoja, ilikuja kazi kutoka sinagogi lililoko nyuma ya soko, nayo ilihitajika kabla ya Jumamosi. Shangazi alipenda kusema kwamba watu wote wanaoabudu wamekubaliana jambo moja tu, nalo ni kumnyima dobi usingizi.

Likizo hiyo alikuwa akisaidiwa na binti wa kaka yake, msichana mdogo wa umbo ambaye mtaa mzima ulimwita Sisimizi kwa sababu hakuwahi kuonekana ameketi bure. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kinanda, binti wa mwalimu wa kwaya, aliyeimba tangu anapoamka mpaka anapolala. Alhamisi asubuhi wasichana hao wawili walikuwa wakianika nguo uani. Kinanda akatazama kamba, akaona kanzu, joho la kwaya na shali nyeupe ya Kiyahudi zikipepea pamoja, akauliza kama wenye nguo hizo wanamwabudu Mungu mmoja.

Kabla hajajibiwa alijijibu mwenyewe. Alisema haiwezekani. Wao Wakristo wanaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na Waislamu wanasema Mungu hana mwana. Sasa atakuwaje mmoja? Sisimizi akasema mwalimu wake wa chuo cha Kurani amewafundisha kwamba Mungu aliyesema na Ibrahimu na Musa ndiye huyohuyo wanayemwabudu. Kinanda akasema Ibrahimu ni wao, yumo katika Biblia. Sisimizi akasema yumo pia katika Kurani. Wakamvuta Ibrahimu huku na huku, mpaka Shangazi akatoa kichwa dirishani na kuwaambia kwamba kama wana nguvu za kumgombea mzee wa watu, basi wana nguvu za kukamua mashuka.

Shali ile ilikuwa ya fundi saa wa mtaa, mzee wa Kiyahudi ambaye watoto walimwita Babu Saa. Ilikuwa ya sufu, yenye mistari myeusi, na kwenye kila pembe kilining'inia kishada cha nyuzi zilizozungushwa na kufungwa mafundo. Miaka yote ilifuliwa na mkewe, lakini bibi huyo alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mzee aliileta mwenyewe, akamweleza Shangazi kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi mjukuu wake atasoma Torati mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na angevaa shali hiyo. Shangazi aliifua kwa mikono yake. Kisha akamwambia Sisimizi, "Hii niachie mwenyewe."

Ijumaa asubuhi Shangazi alitoka kupeleka mashuka kwenye nyumba ya wageni. Sisimizi aliiangalia shali kwenye kamba. Ilikuwa imekauka. Akamkumbuka Shangazi alivyokuwa akijishika kiuno usiku uliopita, akaona si vibaya kumpunguzia kazi. Alipoishusha, akaona zile nyuzi za pembeni zimejaa mafundo. Alidhani zimejisokota kwenye beseni. Maskini Babu Saa, akawaza, siku kubwa kama hiyo aende na nyuzi zilizovurugika!

Akachukua sindano nene, akaketi mlangoni penye mwanga, akaanza kufungua. Mafundo yalikuwa yamekaza kama ngumi. Aliyachokoa moja baada ya jingine bila kukata hata uzi mmoja, huku ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alipomaliza pembe zote nne, alizichana nyuzi kwa kitana na kuzipitishia pasi ya moto mdogo. Zikalala zimenyooka kama nywele za mwanasesere. Aliitandaza shali mezani na kuikodolea macho kwa furaha.

Kinanda alikuja akiimba. Alipofika mezani, wimbo ukakatika.

"Mafundo yako wapi?" aliuliza.

Sisimizi akaeleza kwa fahari. Kinanda akashika kichwa. Siku moja baba yake alipopeleka saa kutengenezwa, yeye alimwuliza Babu Saa habari za nyuzi zile, na mzee akamwambia kwamba hufungwa kwa makusudi. Kila Myahudi anapoyatazama mafundo yake hukumbuka amri za Mungu.

Sisimizi aliketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Mara akainuka, akaanza kuikunja shali. Alisema wataifunga kwenye karatasi na mzee hataitazama mpaka kesho. Akiuliza, watamwambia maji ndiyo yaliyofungua. Lakini hata alipokuwa akisema hivyo karatasi ikamponyoka.

"Nimemkosea Mungu wake," alisema, na machozi yakamjaa. "Sasa nimwombe nani msamaha? Kama Mungu wake ni mwingine, mimi hata hanijui."

Jana Kinanda alikuwa na majibu tele. Leo rafiki yake alikuwa analia, na kila jibu lilionekana kumfungia mlango.

"Wewe omba kwako," alisema mwishowe, "na mimi nitaomba kwangu. Mmoja wao atampelekea habari."

Wakasimama katikati ya mabeseni, mmoja ameinua viganja, mwingine amekunja mikono kifuani. Kisha Sisimizi akafumbua jicho moja.

"Kinanda. Kweli unaamini kuna miungu watatu wanaopelekeana habari?"

"Sasa hivi siamini," Kinanda alijibu bila kufumbua macho. "Fumba jicho lako."

Walipomaliza kuomba, nyuzi zilikuwa bado zimenyooka vilevile. Sisimizi akajifuta uso kwa pindo la gauni, akaichukua shali mikononi kama mtoto mchanga, akasema twende.

Duka la Babu Saa lilikuwa chumba chembamba, ukuta mzima umejaa saa, na kila moja ilisema wakati wake. Mzee alikuwa ameinamia saa ndogo, lenzi jichoni. Sisimizi alimwamkia, akaiweka shali mezani, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba alikatazwa, kwamba aliigusa, kwamba alitaka hata kudanganya.

Mzee alitoa lenzi. Alizipitisha nyuzi zilizonyooka kati ya vidole vyake, polepole, pembe baada ya pembe. Saa zote zilisikika zikigonga.

"Umefungua kwa kitu gani?"

"Kwa sindano, Babu."

"Zote nne?"

"Zote nne, Babu. Nisamehe."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Wasichana walidhani analia. Alikuwa anacheka. Alisema marehemu mkewe aliwahi kuvunja ukucha kwa kufungua fundo moja tu alilokuwa amelikosea, na hapa mtoto wa darasa la sita ameyafungua yote bila kukata uzi. Vidole hivyo vinapotea bure kwenye sabuni, alisema. Vinafaa kushika saa.

Kisha akatazama nje aone jua limefika wapi, na kicheko kikaisha.

"Mngekuja kesho, nisingeweza kufanya lolote," alisema. "Jua likizama leo Sabato yetu inaanza, na siku ya Sabato hatufungi mafundo kama haya. Mjukuu wangu angesimama mbele ya watu na shali isiyofaa. Mmenijia kwa wakati."

Aliwaeleza kwamba kufunga mafundo hayo ni ibada yake, hivyo atafunga mwenyewe, lakini wao wanaweza kuinyoosha shali. Wakashika, mmoja huku, mwingine kule. Mzee alinong'ona maneno machache, akaanza kuzungusha na kukaza. Alipofika pembe ya tatu, Kinanda hakuweza kuvumilia tena. Aliuliza lile swali la jana kwenye kamba ya nguo, kama wote wanamwabudu Mungu mmoja.

Babu Saa aliinua kidevu kuelekea ukutani.

"Hizi saa zote zina wenyewe, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo sahihi. Mimi pia naiamini yangu, ndiyo maana nimeivaa. Tunabishana sana, na si kwa mambo madogo. Msikubali mtu awaambie ni madogo. Kuna hata wenye elimu wanaosema hatumwabudu Mungu mmoja. Lakini mimi, katika miaka yangu yote, sijaletewa saa na mtu aliyesema kwamba yake inapima wakati mwingine, tofauti na wa jirani yake." Akakaza fundo. "Shika vizuri, Sisimizi. Unainama."

Fundo la mwisho lilikazwa jua likiwa bado juu ya paa za soko.

Shangazi alipopata habari hakucheka hata kidogo. Alikwenda kumwomba mzee radhi, na aliporudi alimpa Sisimizi adhabu ya kufua soksi zote za timu ya mpira, soksi ambazo hata paka alizikimbia. Kinanda alifua naye, ameziba pua, na kwa hiyo akawa anaimba kama bata.

Jumamosi walisimama ng'ambo ya barabara kulitazama sinagogi. Watu walitoka wakicheka na kupeana mikono. Katikati yao alikuwamo mjukuu wa Babu Saa, shali imemfika magotini, vishada vinacheza kila anapopiga hatua. Mzee akawaona wasichana. Akaikamata pembe moja ya shali na kuwainulia juu.

Jioni walikuwa wakikunja majoho ya kwaya. Kinanda akamwuliza Shangazi ni nani hasa aliyewasikia siku ile walipoomba kati ya mabeseni, wa Sisimizi au wa kwake.

Shangazi alilikunja joho mpaka likawa mraba, akaliweka juu ya mengine.

"Mimi naamini ni mmoja, na ndivyo nitakavyowajibu," alisema. "Lakini angalieni jambo hili. Hakushuka kuwafungia mafundo. Aliwapa miguu ya kwenda kusema ukweli kabla jua halijazama. Kosa ni kama doa, wanangu. Ukiliwahi, linatoka. Ukilifunika, linakomaa. Na mtu akikupa kitu chake cha ibada, kishike kwa heshima, na usichokijua, uliza kwanza."

Kisha akawasukumia kikapu.

"Haya, soksi zilizobaki."